Dizeli Inakoishia Ukivuta Tela la Kulala

Mafuta yanaweza kumharibia jina dereva wa safari hapa Arusha haraka kuliko ajali. Ajali ina mashuhuda, ina askari wa barabarani, ina picha. Dizeli haina shahidi. Ukirudi na hesabu kubwa, hakuna anayeuliza upepo ulivumaje wala ulikuwa unavuta nini. Swali ni mengine umemuuzia nani. Na bosi ana haki ya kushuku, kwa sababu wapo wenzetu wanaonyonya tenki usiku na kuuza kwa madumu, na mji mzima unajua. Kwa hiyo kampuni ninayoendeshea ilipounda tela la kulala wageni, na gari langu likaanza kumaliza karibu lita 30 zaidi ya kawaida kwa mzunguko wa Serengeti, nilijua nimeshakuwa mshitakiwa. Dumu moja na nusu, kiasi kilekile ambacho mwizi mwenye adabu angechukua.

Tela lenyewe lilitokana na wageni wa umri mkubwa, Wazungu waliozoea karavani kwao. Hema hawataki, hoteli hawataki. Wanataka kitanda cha kweli, jiko dogo, na mtu aweze kusimama ndani bila kuinama. Bosi alilichora mwenyewe, mafundi wa kuchomelea pale mtaa wa Unga Limited wakaliunda: fremu ya chuma, kuta za bati la alumini, upana mita 2, na kutoka ardhini mpaka juu mita 2.6. Paa la Land Cruiser likiwa limefungwa linaishia chini ya hapo kwa karibu shibiri mbili. Uso wa mbele wa tela ukawa wima kabisa, bila mlalo wowote. Likipakiwa linafika kama tani moja na robo.

Gari ni Land Cruiser iliyorefushwa, injini 1HZ, ile ya dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Toyota walianza kuitoa mwaka 1990 na mafundi wetu wanaifungua gizani wakitaka. Bila tela, kwenye lami, kwa mguu wa mtu mzima, lita moja inanipeleka kilomita 7 mpaka 8. Na tela, 5. Siku nyingine hata 5 haifiki.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Fundi wa gereji alisema nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Madereva wenzangu walisema mlima: "Kaka, ukishapanda pale Mto wa Mbu na tani nzima nyuma, unategemea nini?" Bosi hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja jirani yangu, dereva mstaafu aliyekuwa akipeleka mizigo Tanga. Nilimweleza nikiwa nimeshakata tamaa. Akauliza, "Hilo tela lako refu kwenda juu?" Nikasema ndiyo, mzee. Akacheka. "Sisi tulikuwa tukibeba saruji, lori limejaa, tenki linashuka kwa kiasi chake. Tukibeba magodoro, tani mbili tu lakini yamepangwa mpaka juu ya kichwa cha lori, linashuka vilevile. Siku ya upepo linazidi. Tajiri wetu hakuamini mpaka anakufa."

Magodoro hayakunitoka kichwani. Jioni nikamwomba binti yangu, anasoma fizikia sekondari, anipigie hesabu ya kupandisha tani moja kutoka Mto wa Mbu mpaka ukingo wa Ngorongoro. Mto wa Mbu uko kama mita 960 kutoka usawa wa bahari, ukingo wa kreta kama mita 2,300. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Baba, ni lita moja na kidogo."

"Rudia."

Akarudia, ikatoka ileile. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu megajuli 36. Sehemu kubwa inapotea kwa joto, kwenye rejeta na kwenye ekzosi. Kinachofika kwenye magurudumu ni theluthi kasoro, tuseme megajuli 11. Kuinua tani moja kwa mita 1,000 kunataka karibu megajuli 10. Maana yake kila tani unayoipandisha kilomita nzima kwenda juu inakugharimu lita moja, pungufu kidogo. Tela letu lote, na vitanda vyake, na mitungi yake ya gesi, kuliparamisha ukuta wa Bonde la Ufa na kulifikisha juu ya kreta ni lita moja na nusu. Mlima unaotutia jasho wote, unaopandisha mshale wa joto mpaka unazima redio ili usikilize injini, unakula lita moja na nusu! Ile dakika arobaini ya mngurumo inamdanganya kila dereva.

Uzito kwenye tambarare nao tukaupigia hesabu. Tani moja kwenye lami nzuri, tairi zikiwa na upepo wa kutosha, inataka kama lita moja kwa kila kilomita 100 ili iviringike tu. Kwenye barabara ya vumbi inaweza kufika mara mbili au tatu ya hapo, na kwenye mchanga ni habari nyingine kabisa. Lakini vumbi linaanza baada ya geti la Ngorongoro, na deni langu kubwa lilikuwa linatokea kwenye lami.

Uliobaki ni upepo. Sheria yake ni kali: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inaongezeka mara nne. Ukitoka 80 kwenda 100 umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini upepo unaokusukuma nyuma umeongezeka kwa asilimia 56, na unaulipia kila kilomita. Ule uso wima wa tela, shibiri mbili juu ya paa la gari, ulikuwa unachota hewa ambayo gari lilikuwa limeshaipasua na kuipitisha juu. Nilipiga hesabu ya kukadiria nikapata lita mbili mpaka nne kwa kilomita 100, kulingana na mguu wangu. Hapo ndipo sehemu kubwa ya lile dumu na nusu ilipokuwa.

Hesabu ya kwenye daftari la mtoto haimtoshi bosi. Nikamwomba tutoke naye, Arusha mpaka Moshi na kurudi, kama kilomita 160. Nilichagua njia hiyo kwa makusudi na nilisisitiza kurudi palepale, kwa sababu Moshi iko karibu mita 500 chini ya Arusha. Ukipima kwenda tu utajisifu, ukipima kurudi tu utalia. Gari na tela pamoja ni zaidi ya tani nne. Kuzirudisha juu hizo mita 500 ni lita mbili ambazo hazina uhusiano na mguu wa dereva wala upepo. Madereva wengi wanabishana juu ya gari lipi linakula mafuta kumbe mmoja alipima akishuka Boma Ng'ombe na mwingine akipanda Usa River.

Kujaza tenki ndiko kuliko na siri. Sheli ileile, pampu ileile, gari limesimama kwenye alama ileile ya sakafu, maana tenki likilala upande kidogo unaweza kudanganywa kwa lita kadhaa. Dizeli inatoa povu. Bomba likikata, kijana wa pampu anaona imejaa, anataka kuchomoa. Usimruhusu. Unasubiri povu lishuke, unasikia kama kuchemka kwa mbali ndani ya shingo ya tenki, unaongeza kidogo, linapanda tena, unasubiri tena, mpaka dizeli yenyewe, ile safi ya rangi ya chai ya rangi, unaiona inang'aa mdomoni. Yule kijana alichoka na sisi. Bosi alishika tochi ya simu akachungulia mwenyewe, na nilifurahi sana kumwona akichungulia.

Bila tela tulipata kilomita 7 na nusu kwa lita. Na tela, bila kuvuka 80, ikawa 5.8. Kisha bosi akasema, "Sasa endesha unavyoendesha ukiwa na haraka." Pale panaponyooka nikaisogeza kuelekea 100, jambo ambalo na tela nyuma silishauri hata kidogo, na kwenye vijiji nikarudi 50 kama kibao kinavyotaka. Ikatoka chini ya 5. Dereva yuleyule, tenki lileile, bosi amekaa pembeni yangu na hakuna aliyenyonya kitu. Alinyamaza mpaka Tengeru, halafu akaniuliza habari za watoto.

Njia ya Moshi ilinifundisha kitu kingine ambacho sikukifuata: matuta. Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, kila mahali unakanyaga breki kutoka 80 unashuka, unavuka tuta, unaanza upya. Kuzisukuma tani nne kurudi 80 kunakula kama desilita moja ya dizeli, kikombe kidogo cha kahawa. Matuta kumi ya namna hiyo ni lita. Huwezi kuyang'oa, lakini unaweza kuachia mafuta mapema, mita 300 kabla, gari likatambaa lenyewe mpaka kwenye tuta likiwa limebaki na 30. Ukiwa umeacha gia imeshika na mguu umetoka, injini ya dizeli haiingizi mafuta. Breki zinapumzika na tenki linapumzika. Abiria wa nyuma pia hawagongi vichwa. Coaster zitakupigia honi, ziache zipite.

Kule upande wa Serengeti kuna fumbo lililokuwa linanisumbua muda mrefu. Tukienda, tela limejaa maji, chakula, gesi. Tukirudi, maji yameisha, chakula kimeliwa, tela jepesi, lakini kipande cha Mto wa Mbu mpaka Arusha kinakula kuliko wakati wa kwenda. Jibu liko kwenye ramani. Arusha iko kama mita 1,400, kwa hiyo unapoelekea Makuyuni, kabla ya Mto wa Mbu, unashuka taratibu bila kujua, na upepo wa huku mara nyingi unatoka mashariki, unakusukuma mgongoni. Ukirudi umegeuza vyote viwili: unapanda na unaukabili upepo. Ile mbuga kati ya Makuyuni na Kisongo wakati wa kiangazi, ukiona vumbi linazunguka kama nguzo na ng'ombe wa Wamasai wamegeuza matako upande mmoja, jua kwamba upepo utakukata. Mwendo wa 80 ukiwa na upepo wa 20 usoni, tela linaona 100. Siku hizo nashuka mpaka 70. Kutoka Arusha mpaka Makuyuni ni kama kilomita 80. Tofauti ya kwenda 80 na kwenda 100, kama barabara yote ingekuwa wazi, ni dakika 12. Nimeona madereva wakizipata hizo dakika 12 na kuzimaliza zote wakijieleza kwa askari mwenye tochi ya kupima mwendo.

Gia nayo ina maneno mengi. Wengi wanaamini gia ya tano ndiyo ya kuokoa mafuta, basi. Bila tela, sawa. Na tela dhidi ya upepo, ya tano inaikaba injini: unakanyaga, mwendo hauongezeki, moshi mweusi unatoka. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia iliyokosa hewa ya kuungua nayo. 1HZ inavuta vizuri zaidi karibu na mizunguko 2,200 kwa dakika, kwa hiyo narudi ya nne mapema kabla haijaanza kunung'unika. Na kwa kuwa haina turbo, kadri unavyopanda inakosa pumzi. Ukingoni Ngorongoro hewa ni nyepesi, na kukanyaga mpaka chini kunaongeza moshi bila kuongeza nguvu.

Tela pia linaweza kuiba bila hata upepo. Nina desturi, kila tukisimama Makuyuni kununua maji, nazunguka nagusa habu za magurudumu ya tela kwa mgongo wa mkono. Zinatakiwa ziwe vuguvugu na zilingane. Safari moja ya kushoto ilikuwa na joto la kawaida, ya kulia mkono haukai, na grisi imeanza kunuka. Nikadondoshea maji kutoka kwenye chupa, yakachemka. Breki ilikuwa imeshika kidogo, haiachii kabisa, na nilikuwa nimeivuta hivyo tangu Arusha. Gari lenye nguvu halikuambii, linavuta tu na kunywa. Tukainua kwa jeki, nikalegeza, gurudumu likazunguka kwa kidole. Joto lile lote lilikuwa dizeli yangu, na kama lingeendelea mpaka Karatu, beringi ingekwenda pia.

Tairi tunazipunguza upepo kule kwenye barabara ya vumbi ili wageni wasivunjike migongo, na hilo ni sawa. Tatizo ni uvivu wa kuzijaza tena ukirudi kwenye lami, hasa za tela, kwa kuwa hazionekani kwenye usukani. Tairi laini kwenye lami inapondeka na kupata moto kila mzunguko.

Kwenye upakiaji nilitegemea kupata vita na mpishi, na vita ilikuwepo, ila nilipomaliza hesabu niliacha. Gunia la viazi la kilo 100, kulipeleka mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, ni nusu lita ya dizeli, labda na kitu. Ukichukulia dizeli kwa 3,000 ili hesabu iwe rahisi (bei halisi EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanatangaza kikomo chake kila mwezi, na kwetu bara iko juu kuliko pwani), ni shilingi 1,500. Mimi sitagombana na mtu anayenipikia kwa shilingi 1,500. Ninachogombania ni mahali gunia linapokaa. Vizito vyote viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ili tela liegemee ndoano kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mpishi akirundika maji na viazi nyuma kabisa, tela linainua mkia wa gari na linaanza kuyumba ukifika 80, na hapo tunaongelea maisha, dizeli haina nafasi tena.

Vilevile tulishusha keria. Mabegi yaliyokuwa juu ya paa yakaingia ndani ya tela, sakafuni. Uzito ni uleule, upepo umepungua.

Lakini dawa kubwa ilikuwa kukata tela. Bosi hakutaka, kwa sababu mchoro ulikuwa wake na hoja yake ilikuwa moja: wageni lazima wasimame. Nikamwuliza, "Bosi, wanasimama saa ngapi? Tukiwa tunatembea wote wako kwenye gari." Tena magari yetu wenyewe yana paa la kufunguka, wageni wanasimama kuangalia simba, likifungwa gari linarudi kuwa fupi. Mafundi wale wale wa Unga Limited wakakata kuta juu, wakaweka paa linaloinuliwa kwa mikono minne na kuta za turubai zinazokunjwa ndani. Likifungwa, tela lote linajificha nyuma ya gari, na uso wake wa mbele wameulaza kidogo. Tulirudia Moshi, sheli ileile, kijana yuleyule wa pampu akatuona akashika kiuno. Kwa mwendo wa 80 ikatoka 6 na nusu kwa lita. Kwa njia ya kwenda Seronera na kurudi, ambako tela linavutwa kama kilomita 650 (kwenye kuzunguka kutafuta wanyama linabaki kambini), ni zaidi ya lita 10 zilizookolewa kila mzunguko, na sijui ni dereva gani anayenyonya lita 10 akaona ameiba.

Sasa fomu yetu ya mafuta ina sehemu ya kuandika kama kuna tela au hakuna, na wageni wanaotaka tela wanalipia dizeli yake kwenye bei tangu mwanzo. Kilichobaki ni vumbi. Turubai haliwezi kuziba kama bati, na tukifika Naabi, geti la Serengeti, shuka zote zimekuwa rangi ya barabara. Mpishi, ambaye ndiye anayetandika, anataka kuta za bati zirudi. Nimemwonyesha hesabu. Amesema hesabu ije itandike.